Daraja na Hali ya Sarafu ya Fedha

Si ajabu, katika nyumba za Thika na Ruiru za watu ambao babu zao walifanya kibarua katika mashamba ya kahawa na ya katani, kukuta kopo la majani ya chai juu ya kabati, na ndani yake rupia moja na shilingi mbili tatu za enzi ya ukoloni; na kwa kuwa siku hizi habari zimeenea kwamba sarafu za kale zina wanunuzi, wajukuu huzitoa, wakazigeuzageuza, na swali lao la kwanza huwa ni bei. Swali hilo halina jawabu mpaka lijibiwe lililo kabla yake, yaani sarafu yenyewe imo katika daraja gani.

Daraja la sarafu ni kadiri ya nakshi yake iliyosalia tangu ilipotoka katika kiwanda kilichoipiga chapa. Sarafu inapopita mkono hadi mkono, mfukoni na juu ya meza ya duka, sehemu zilizoinuka ndizo zinazosuguliwa kwanza, na madini yake huondoka kidogo kidogo bila ya kurejea. Kwa hiyo daraja hupimwa kwa kilichopotea, wala si kwa kung'aa. Hali ni neno pana zaidi, linalokusanya mikwaruzo, matundu, kupindika, utando mweusi ambao fedha huupata kwa hewa, na mateso yote mengine yaliyoifika sarafu kwa ajali au kwa makusudi ya watu. Rupia yaweza kuwa na daraja la juu na hali mbaya, kama ile ambayo nakshi zake zote ni timamu lakini imetobolewa ili ivaliwe shingoni. Na yaweza pia kuwa haina tundu wala mkwaruzo, ilhali sura imekwisha. Kuyachanganya mawili haya huzaa ugomvi mwingi baina ya muuzaji na mnunuzi.

Waingereza, na Wamarekani baada yao, waliyapa madaraja majina ya sifa, na hapo ndipo mfasiri anapoponzwa. Daraja ambalo kwao huitwa kwa neno lenye maana ya "nzuri" liko karibu na chini ya ngazi, nalo ni la sarafu iliyobaki umbo la kichwa na maandishi tu. Na "nzuri sana" nayo haijapanda ila kidogo. (Bila shaka hakuna mchuuzi aliyependa kuiita bidhaa yake mbovu.) Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon, aliyekuwa akishughulika na senti kubwa za shaba za nchi yake, alitoa kipimo cha 1 hadi 70, ambacho hatimaye kilienea kwa sarafu za kila namna, walakini nambari nayo yahitaji jina la kutamkwa. Kwa maoni yangu Kiswahili kisitafsiri sifa, bali kitaje kinachoonekana: sarafu ya kivuli, ambayo imebaki umbo tu, kisha ya nakshi hafifu, ya nakshi wazi, ya nakshi timamu, na iliyo juu ya zote, isiyoingia mkononi. Mtu wa soko la Madaraka hapa Thika, asiyewahi kufungua kitabu cha sarafu, atayaelewa majina hayo bila ya mkalimani.

Tuchukue shilingi ya Mfalme George wa Tano, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1921, baada ya rupia kuondolewa na florini kupita kwa muda mfupi mno. Ishike kwa ukingo, si kwa uso, uiinamishe penye mwanga unaoingia kwa ubavu, kisha uzitazame nyusi na ndevu za mfalme: katika nakshi timamu nywele za ndevu zinatengana, katika nakshi wazi zimeungana mafungumafungu, na katika kivuli kidevu ni laini kama kokoto ya mto Chania. Geuza upande wa simba asimamaye mbele ya milima, umtazame begani na kwenye manyoya ya shingo, kwani huko nako kulika hutangulia. Shilingi hii ina uzito wa gramu 7.78, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha; kwa hiyo ikichakaa huanza kuonyesha umanjano au wekundu mahali palipoinuka, ushahidi usioupata katika rupia ya Hindi, ambayo sehemu kumi na moja katika kumi na mbili ni fedha, na ambayo hubaki nyeupe hata ikiisha sura.

Jihadhari, hata hivyo, na chapa dhaifu, kwani mashine ikigonga bila nguvu nakshi hukosekana tangu siku ya kwanza, na hapo uso utakuwa butu lakini ungali na mng'ao wa kiwandani, jambo ambalo uchakavu hauliruhusu. Tofauti ndogo zina uzito mkubwa: katika rupia ya mwaka 1911 ndovu aliye juu ya joho la mfalme alichorwa mkonga mfupi hata watu wa Bara Hindi, hususan Waislamu, wakamdhania nguruwe, na mchoro ukabadilishwa mwaka uliofuata; lakini katika rupia iliyochakaa, ndovu na nguruwe ni mamoja.

Elimu hii si ngeni kwa watu wa pande hizi za Bahari ya Hindi. Riyali ya Maria Theresa imeendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780 hata baada ya malkia huyo kufa, na wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi, ambao tarehe haikuwafaa kitu, walihesabu lulu za bizimu iliyo begani mwake kabla ya kuipokea.

Basi ewe uliye na kopo hilo, usizisugue sarafu zako kwa majivu, wala kwa ndimu, wala kwa dawa ya meno, hata kama mnunuzi amekuomba uzing'arishe. Utando mweusi haupunguzi daraja. Kusugua hupunguza, na madini yaliyoondoka hayarudishwi na sonara yeyote. Tia kila moja katika bahasha yake ya karatasi kavu, uandike juu yake mwaka na jina la aliyekuachia.