Deni Hudai Mali, Halidai Mwili: Historia Fupi ya Mdai na Mdaiwa

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo yamfunza mdaiwa wajibu wake, lakini haisemi neno juu ya mdai: adai kwa njia gani, na mkono wake ukomee wapi? Swali hilo ndilo tunalolichunguza katika makala haya, kwa sababu katika nchi yetu limekwisha kuwagharimu watu uhuru wao.

Tuanze na lugha. Maneno deni na dai yanafanana masikioni, na yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayana shina moja. Deni ni kile kipasacho kulipwa. Dai ni hoja itolewayo ili isikilizwe. Ndiyo maana mahakamani husemwa madai. Basi mdaiwa si mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Katika karne ya 19, biashara ya misafara iliyokileta Kiswahili Nyangwe na Kasongo ilisimama juu ya mkopo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikopeshwa na Tharia Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, akalipa kwa pembe za ndovu. Bidhaa zilizotolewa kwa kuaminiana ziliitwa mali kauli. Lakini palikuwa na dhamana nzito zaidi, nayo ni mtu mwenyewe. Huko pwani, wakati wa njaa, watu waliwekwa rehani ili jamaa zao wapate chakula. Nao Walele wa Kasai, kama alivyoeleza Mary Douglas katika kitabu chake cha 1963, walilipana madeni ya damu kwa kukabidhi wanawake, na watoto wao wakairithi hali hiyo.

Ubelgiji iliondoa kifungo kwa madeni ya kawaida kwa sheria ya tarehe 27 Julai 1871. Kongo haikuonja rehema hiyo. Dola Huru ya Kongo, chini ya Mfalme Leopold II, iliwahesabu wanavijiji kuwa wadaiwa wa kodi ya mpira, na wanawake wakazuiliwa mateka mpaka waume zao walete mpira huo. Konsuli Roger Casement aliyaeleza hayo katika ripoti yake ya 1904. Tume ya Uchunguzi ikatoa yake mwaka 1905. Deni ambalo hakuna aliyelikopa lilidaiwa kwa mwili wa mtu asiyekuwa hata mdaiwa.

Leo sheria yasema vingine. Mwaka 1976 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao katika kifungu cha 11 wakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 215, yaipa mikataba ya namna hiyo nguvu kupita sheria za kawaida. Mwaka 2012 nchi yetu iliingia katika OHADA, ambayo sheria yake ya 1998 juu ya kudai madeni ilikataza kukamata mali siku ya Jumapili na sikukuu, au kuanza kazi hiyo kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 12 jioni. Tena ilimruhusu hakimu kumpa mdaiwa muda wa kulipa usiozidi mwaka 1.

Hata hivyo desturi ya kale haijafa. Hutokea mdai akapitia polisi na kuliita deni lake utapeli, ili mdaiwa aogope kizuizi na ndugu zake wachange usiku uo huo. Ni kweli kwamba aliyepata mali kwa hila ametenda kosa la jinai. Lakini aliyeshindwa kulipa si tapeli kwa sababu hiyo tu. Mtu akiitwa hivyo, na aulize: deni limeandikwa wapi? Mahakama ipi imeamua? Anayetaka kukamata mali ni afisa wa mahakama? Wala asitie sahihi kwa vitisho.

Hatusemi deni lisilipwe. Kulipwa ni haki ya mdai. Lakini ndugu wanaochangishwa usiku mlangoni pa kizuizi wamesimama pale pale waliposimama waume wa wale mateka, wakiwa na vikapu vyao vya mpira.