Wimbo Uliochelewa Kitandani

Tarehe 8 Julai 1474, mjini Cambrai, padri mzee Guillaume Dufay aliandika wosia, na humo akapanga hata namna ya kufa. Akishapokea sakramenti za mwisho na roho ikianza kumtoka, waje waimbaji wanane wa kanisa kuu wamwimbie kwa sauti ya chini kando ya kitanda. Kisha wavulana wa kwaya, mwalimu wao na wenzake wawili wamwimbie moteti aliyoitunga mwenyewe, Ave regina celorum.

Cambrai leo uko kaskazini mwa Ufaransa. Zama hizo ulikuwa mji wa askofu, na kwaya yake ilisifika Ulaya nzima. Dufay alilelewa na kanisa hilo tangu utotoni, akaenda Italia kuimba katika kwaya ya Papa, akarudi kwao akiwa na jina kubwa. Moteti hii aliitunga kama miaka kumi kabla ya wosia. Hesabu za kanisa za mwaka 1464–65 zinaonyesha kwamba mnakili Simon Mellet alilipwa kwa kuiandika kitabuni.

Ni wimbo wa sauti nne, kila sauti ikishika njia yake. Tena umebeba antifona, yaani wimbo mfupi wa ibada, ya kale ya Bikira Maria, ambayo kila mwanakwaya wa enzi hizo aliijua kwa moyo. Katikati ya maneno hayo ya wote Dufay akachomeka dua yake binafsi, akiomba rehema, na jina lake akalitaja mara mbili. Msomaji wa tenzi hatashangaa: kwetu pia mtunzi hujitaja na kujiombea. Ila wetu hungoja beti za mwisho. Dufay hakungoja, alianza mapema tu baada ya salamu ya kwanza.

Utamu wenyewe, kwangu, uko pale anapojitaja mara ya pili. Neno la kuomba rehema linapofika, noti moja inashushwa nusu hatua, na wimbo uliokuwa ukienda kwa utulivu unaingia huzuni ghafla. Hata mtu asiyejua Kilatini atageuza kichwa. Dufay mwenyewe alikipenda kipande hicho, maana alikitumia tena katika Agnus Dei ya misa yake yenye jina hilohilo.

Alifariki tarehe 27 Novemba 1474. Mauti hayakusubiri kwaya: muda haukutosha kuwakusanya waimbaji, na moteti ikaimbwa mazishini, kanisani, mwenyewe hasikii.

Kanisa lile nalo halipo. Liliuzwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, likabomolewa, mawe yakatawanyika. Jiwe la kaburi la Dufay, lenye sanamu yake akiwa amepiga magoti, lilikutwa mwaka 1859 likifunika kisima. Sasa liko katika jumba la makumbusho la Lille.