Wanafunzi wa ng'ambo katika Chuo Kikuu cha Oxford

Wanafunzi wa ng'ambo wa Oxford ni wale wanaosoma katika chuo hicho kikongwe cha Uingereza bila kuwa raia wala wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Siku hizi wanakaribia nusu ya wanafunzi wote, na katika uzamili na uzamivu wao ndio wengi. Wanatoka katika nchi zaidi ya 150, China na Marekani zikiongoza. Vitabu vingi huieleza Oxford kwa majina makubwa ya waliopita humo na kwa ugumu wa kuingia. Historia ya wageni wake inaonyesha jambo lingine ambalo halitajwi vya kutosha: tangu sharti la dini lilipoondolewa, aliyeamua mgeni yupi aingie alikuwa yule mwenye kulipa. Akili ilitakiwa siku zote, lakini peke yake haikuwahi kumfikisha mtu.

Asili

Mafundisho yalikuwapo Oxford mwaka 1096, na chuo kilikua upesi baada ya 1167, Mfalme Henry II alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Mgeni wa kwanza kujulikana kwa jina ni Emo wa Friesland, aliyefika mwaka 1190. Kwa muda mrefu baada ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, kila aliyejiandikisha alitakiwa kukiri imani ya Kanisa la Uingereza, hivyo Mkatoliki, Myahudi, Mwislamu na Mhindu hawakuwa na nafasi. Sharti hilo lililegezwa 1854 na kufutwa kwa sehemu kubwa 1871.

Wageni wa mwanzo wa zama mpya

Mlango wa dini ulipofunguka, gharama ya koleji ilibaki palepale. Mwanafunzi wa Oxford huwa mwanachama wa koleji, ambayo humlaza, humlisha na kumpangia wakufunzi, na katika karne ya 19 maisha hayo yalikuwa ya watoto wa matajiri. Mwaka 1868 chuo kiliruhusu mtu asome bila koleji, apange chumba mjini na kulipa kidogo. Badiliko hilo dogo la utaratibu ndilo lililomwezesha Christian Frederick Cole wa Sierra Leone kuingia mwaka 1873, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuhitimu Oxford. Alisoma lugha, historia na falsafa za Wagiriki na Warumi, na mwaka 1876 akapata shahada ya daraja la nne. Wapo wanaolitaja daraja hilo kama ushahidi wa uwezo mdogo. Hawasemi kwamba mjomba wake, aliyekuwa akimtumia fedha, alifariki katikati ya masomo, na kwamba Cole alilazimika kufundisha muziki na kuwasaidia wenzake kujiandaa na mitihani ili apate chakula. George Bradley, mkuu wa University College, alichangisha fedha za kumsaidia, na baadaye koleji hiyo ikampokea. Mtu aliyesoma hivyo na bado akahitimu hana haja ya kuombewa radhi. Mwaka 1883 Cole aliidhinishwa kuwa wakili London, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo katika mahakama za Uingereza, lakini kesi hazikuja za kutosha. Akahamia Zanzibar, enzi ya Sultani Barghash, na huko akafariki kwa ndui mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu.

Kisa cha Cornelia Sorabji kinathibitisha hoja ileile ya mwenye kulipa, kwa upande mwingine. Binti huyu wa Kihindi aliongoza mtihani wa chuo chake katika jimbo la Bombay, na aliyeongoza alistahili ufadhili wa serikali wa kusoma Uingereza. Alinyimwa kwa kuwa ni mwanamke. Marafiki wa Kiingereza, Florence Nightingale akiwa mmoja wao, walimchangia, na mwaka 1889 akaingia Somerville College kusoma sheria, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Oxford. Alifanya mtihani wa shahada 1892, lakini shahada yenyewe hakupewa hadi 1922, kwa sababu Oxford haikuwatunuku wanawake shahada kabla ya 1920. Hapa akili ilikwisha kupimwa na kushinda, ila mfuko uliotengwa kwa ajili ya mshindi ukamkataa mshindi.

Wosia wa Rhodes

Cecil Rhodes alifariki Machi 1902 akiwa ametajirika kwa almasi na dhahabu za kusini mwa Afrika, na wosia wake ukaanzisha ufadhili wa wageni unaojulikana kuliko mwingine wowote duniani. Wanafunzi wa kwanza walifika 1903. Orodha ya waliolengwa inasema mengi kuliko maneno ya wosia: makoloni ya Weupe kama Kanada, Australia na New Zealand, Rhodesia, shule nne za wavulana za Afrika Kusini ambazo zilikuwa za Weupe, Marekani, pamoja na Ujerumani. Wosia ulisema mtu asikataliwe kwa sababu ya rangi au dini, lakini nafasi nyingi zilipelekwa mahali ambapo mtu mweusi hakuweza hata kusogea. Alain Locke, Mmarekani mweusi, alipochaguliwa mwaka 1907, koleji kadhaa zilimkataa kabla ya Hertford kumpokea, na baada yake hakuchaguliwa Mmarekani mweusi mwingine hadi miaka ya 1960. Wanawake waliruhusiwa kuanzia 1977. Kenya ilipata nafasi miaka ya 1980, na baadaye zikawekwa nafasi za Afrika Mashariki kwa jumla.

Ni haki kusema kwamba ufadhili wa leo haufanani na ule wa 1903, na kwamba vijana wengi wa Kiafrika, Kihindi na Kikaribi wamenufaika nao. Ila chimbuko la fedha halipaswi kuachwa nje ya hesabu. Utajiri huo ulichimbwa na Waafrika waliolipwa ujira mdogo, katika nchi ambazo wajukuu wao walifungiwa mlango wa chuo kwa miongo mingi. Harakati za kutaka sanamu ya Rhodes iondolewe Oriel College, zilizoanza Oxford mwaka 2015, zilihusu zaidi deni hilo kuliko jiwe lenyewe. Mwaka 2021 koleji iliamua kutoiondoa.

Waafrika Mashariki

Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa sekondari, na Makerere haikumchukua. Akawa karani Mombasa. Hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi mbele ya gavana ndiyo iliyomfungulia ufadhili wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa Uingereza, akahitimu Manchester 1960, na hatimaye akapata uzamivu wa Oxford kupitia Nuffield College mwaka 1966, wakati tayari akifundisha Makerere ileile. Wapo wanaokisoma kisa hiki kama hadithi ya bidii ya mtu mmoja. Bidii ilikuwapo, hakuna ubishi. Lakini Mombasa ya miaka hiyo ilikuwa na makarani wengi wenye vipaji ambao gavana hakupata kuwasikia.

Okot p'Bitek wa Uganda alifika Uingereza mara ya kwanza 1956 na timu ya soka ya nchi yake, akabaki kusoma Bristol, Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford kuanzia 1960. Aliandika baadaye kwamba tangu mhadhara wa kwanza mwalimu aliwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, akapinga bila kusikilizwa. Kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika mikononi mwa wasomi wa Magharibi kilitokana na ubishi huo. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alisoma mjini Oxford mwaka 1955 hadi 1956, lakini katika Ruskin College, chuo cha wafanyakazi kisicho sehemu ya chuo kikuu.

Ada

Hadi 1967 mgeni na mwenyeji walilipa ada moja katika vyuo vikuu vya Uingereza. Mwaka huo serikali ilipandisha ada ya wageni hadi pauni 250, wenyeji wakibaki kwenye 70 hivi. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1979, serikali ya Margaret Thatcher ilipotangaza kwamba wageni wapya watalipa gharama nzima ya masomo yao kuanzia 1980. Idadi ya wanafunzi wa ng'ambo nchini Uingereza ilishuka, na malalamiko yakavuka bahari: Malaysia, iliyokuwa ikipeleka vijana wengi, ilihesabu ada hizo miongoni mwa sababu za sera yake ya 1981 ya kununua bidhaa za Uingereza mwisho kabisa. Mwaka 1983 London ililegeza kwa kutenga pauni milioni 46 za ufadhili, na mpango unaoitwa leo Chevening ukaanzishwa. Kabla ya hapo ulikuwapo ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa katika mkutano wa elimu uliofanyika Oxford kwenyewe mwaka 1959. Kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida, mipango hii miwili pamoja na ya Rhodes na Clarendon, huu wa mwisho ukiwa wa chuo chenyewe, ndiyo njia halisi. Kujilipia ni kwa wachache mno. Mwenyeji wa shahada ya kwanza alilipa pauni 9,250 kwa mwaka kuanzia 2017 hadi 2025. Mgeni hulipa zaidi ya 30,000, na kwa masomo ya sayansi huzidi sana. Mkono mtupu haulambwi.

Hoja tatu hutolewa dhidi ya maelezo haya ya kwamba mwenye kulipa ndiye anayeamua. Ya kwanza ni kwamba Oxford huchagua kwa akili tu: maombi hufungwa katikati ya Oktoba, hufuata mitihani ya kupima uwezo na usaili wa Desemba, na wasaili hawaulizi mwombaji ana kiasi gani benki. Ni kweli, na usaili huo ni wa haki kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini barua ya kukubaliwa hufuatwa na kudai uthibitisho wa fedha, na mwenye kuwaza ada hizo mara nyingi haombi kabisa, hivyo hahesabiwi popote. Hoja ya pili ni kwamba mlipakodi wa Uingereza hana wajibu wa kusomesha watoto wa nchi nyingine. Hii ina uzito, na isingejibika kama Uingereza isingejenga sehemu ya utajiri wake kwenye kodi, mazao na madini ya nchi hizohizo. Hoja ya tatu ni kwamba ufadhili umeongezeka. Umeongezeka kwa majina ya mipango. Kwa nafasi, Rhodes huchukua watu wasiozidi 110 hivi kwa mwaka duniani kote, katika chuo chenye wanafunzi zaidi ya 25,000.

Namna ya kusoma

Kinachogharimu hivyo ni mafunzo ya ana kwa ana. Kila wiki mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa swali na orodha ndefu ya vitabu, huandika insha, kisha hukaa na mkufunzi, yeye peke yake au pamoja na mwenzake mmoja au wawili, kwa muda wa saa moja. Mkufunzi humkatiza kwenye sentensi ya pili: umejuaje hivyo, na yule aliyesema kinyume umemjibu vipi? Aliyelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza hupata taabu wiki za mwanzo, kwa maana ukimya hapa huhesabiwa kuwa ni kukosa la kusema. Muhula una wiki nane, na mihula ni mitatu, hivyo mafundisho yote ya mwaka huisha kwa wiki 24. Ndani ya muda huo hakuna wiki ya kupumua, na mgeni anayefanya kazi ya kibarua kama Cole hupoteza kile hasa alichokuja kukifuata. Mfumo huu ni bora kuliko mihadhara ya ukumbini ya watu mia tatu, na ndiyo maana inauma kuona unawafikia wachache waliolipiwa.

Hali ya sasa

Tangu 2021 wanafunzi wapya wengi wa Umoja wa Ulaya nao hulipa ada ya wageni. Viza ya mwanafunzi hudai fedha ya kujikimu iwe imelala benki siku 28 mfululizo. Mwombaji wa Tanzania, Kenya au Uganda hupimwa kifua kikuu kwanza, na hulipa mapema tozo ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 wengi wa wanaosoma uzamili wa darasani hawaruhusiwi kufuatana na mke, mume au watoto.