Makorongo ya Kondoa

Katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mti ulitoa ushahidi zaidi kuliko ramani. Mizizi iliyobaki ikining'inia juu ya ardhi ilionyesha udongo ulikuwa umefika wapi zamani. Watafiti, akiwamo Carl Christiansson wa Sweden, waliipima ili kukadiria kiasi cha udongo kilichochukuliwa na mvua iliyochimba makorongo.

Makorongo hayo ni ya miaka mingi. Enzi za ukoloni Waingereza walihangaika nayo kwa matuta na kwa kupunguza mifugo, bila mafanikio makubwa. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa. Mifugo nayo ikaendelea kula.

Ndipo ikaja amri nzito. Mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Kwa mkulima wa Kirangi ng'ombe ni mahari, samadi na akiba, kwa hiyo si ajabu kwamba wapo waliochunga kwa kificho. Hata hivyo nyasi ziliota upesi mno, vilima vikafunikwa na vichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wakaanza kuruhusiwa, kwa sharti walishwe zizini.