Kutoka gramafoni ya Chemirocha hadi wufa ya tarakilishi

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili kwa sababu nilikuwa nyumbani Kiptere, Kaunti ya Kericho, na huko nilipata aibu iliyonifunza jambo. Leo naziweka kando habari za kuandika programu, tuzungumze kuhusu spika.

Nilikuwa nimenunua wufa mpya ya tarakilishi (wenzetu wa Tanzania huiita sabufa) jijini Nairobi. Boksi lake liliandikwa kwa wino mwekundu: wati 5000 PMPO. Nikaibeba hadi nyumbani pamoja na laptopu, nikiwa na nia moja: kumchezea nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita kogo, wimbo uliorekodiwa Kapkatet mwaka 1950, yeye akiwa msichana mdogo. Nikaunganisha nyaya, nikafungulia. Meza ikatetemeka na kuku wakakimbia uani. Kogo akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Hawa wanasema nini, mjukuu wangu? Mimi nasikia ngoma tu."

Ndugu msomaji, wimbo ule hauna ngoma hata moja.

Wimbo wenyewe unaitwa Chemirocha, na historia yake ndiyo historia ya spika katika vilima vyetu vya majani chai. Basi tuanze mwanzo.

Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani wa Mississippi, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1933. Ndiye wanayemwita baba wa muziki wa kantri. Alirekodi kwa mara ya kwanza Agosti 1927 katika mji wa Bristol, kwa kampuni ya Victor. Santuri zake zilisafiri dunia nzima, zikafika hadi kwetu pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Sikio la Mkipsigis, lililozoea majina kama Cherono na Chemutoi, likalichukua jina la Jimmie Rodgers na kuligeuza likawa Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet. Alizoea kuishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza mwenyewe kuelekea kwa mwimbaji. Huko alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo la Chemirocha. Wa tatu, ambao ndio maarufu zaidi, umeimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, wakisindikizwa na kinubi chetu, chepkong. Tracey aliandika kwamba wasichana hao walimwona Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa, na katika wimbo wanamhimiza acheze kwa nguvu mpaka aruke na kutoka nje ya nguo zake.

Sasa hebu tufikiri kama mafundi. Gramafoni ile ilifanyaje kazi? Haikuwa na umeme hata kidogo. Springi iliizungusha santuri, sindano ikatetemeka ndani ya mifereji yake, mtetemo ukapita kwenye kiwambo chembamba, na pembe ikaikuza sauti. Mashine ya namna hiyo haina uwezo wa kutoa besi nzito, wala haiwezi kutoa sauti nyembamba sana za juu. Inachokipitisha vizuri ni kile cha katikati, yaani sauti ya mwanadamu. Na hiyo ilitosha kumvusha bahari mtu wa Mississippi hadi akapewa jina la Kikipsigis!

Wakati huohuo maabara za Marekani zilikuwa zimeshabadilisha mambo. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walichapisha maelezo ya spika yenye koili ya waya, sumaku na koni ya karatasi. Fungua spika yoyote iliyo karibu nawe leo, utakuta wazo lao limo ndani, karibu miaka mia moja baadaye. Lakini spika hiyo ilihitaji umeme wa kuisukuma, yaani amplifaya, na amplifaya za siku hizo zilitumia vali za kioo, nzito na zenye joto. Ilibidi tusubiri transista, iliyobuniwa Bell Labs mwaka 1947, ndipo redio iweze kuingia mfukoni na kutumia betri ndogo.

Tazama redio ya transista kwa makini. Ndani ya kasha moja kuna amplifaya na spika. Je, spika za tarakilishi zenye amplifaya ndani yake si jambo lilelile? Ndiyo. Tunadhani ni kitu kipya kilicholetwa na kompyuta, kumbe babu zetu walikuwa nacho wakisikiliza taarifa ya habari baada ya kuchuma chai. Na mjini Kericho penyewe santuri zilitoka: Chandarana walitoa muziki wa gitaa wa Kipchamba arap Tapotuk, ambao wazee wetu wanaujua kwa moyo.

Kompyuta iliingia kwenye muziki taratibu. Kadi ya Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka 1989, ilikuwa na amplifaya yake ndogo, ikaweza kusukuma spika ndogo bila msaada. Baadaye watengenezaji waliiondoa kazi hiyo kwenye kompyuta. Mwaka 1995 jina la mp3 likachaguliwa, muziki ukahamia kwenye diski, na tundu la sauti likabaki kutoa umeme mdogo tu, wa kutosha vipokea sauti vya masikioni lakini usioweza kutikisa koni ya spika kubwa. Ndiyo maana spika ya tarakilishi huja na amplifaya yake.

Na hapo ndipo wauzaji walipopata nafasi ya kutuchezea akili kwa namba. PMPO ni kipimo cha kilele cha nguvu kwa kitambo kifupi mno, na kila kiwanda hukihesabu kipendavyo. Geuza wufa yako uone kibandiko cha nyuma. Yangu imeandikwa kwamba inakula wati 40 kutoka ukutani. Kitu kinachokula wati 40 kitatoaje 5000? Spika zinazopata umeme kutoka tundu la USB la zamani ni vivyo hivyo: volti 5 mara ampea 0.5 ni wati 2.5, hesabu imekwisha.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa namba. Sauti ya mwanamke huanzia karibu na hezi 200. Spika mbili za pembeni za wufa yangu ni ndogo kama kikombe, haziwezi kushuka huko, kwa hiyo sehemu ya chini ya sauti ya Chemutoi ilipelekwa kwenye kasha lililo sakafuni, ikatoka imechanganyika na mvumo. Nyuzi za chepkong zikageuka ngoma. Kogo alisema kweli.

Jioni ile nilichukua redio kaseti ya zamani ya mjomba, yenye tundu la kuingizia sauti, nikaunganisha laptopu. Kogo akainua kichwa. Akacheka, akaanza kunifafanulia neno moja baada ya jingine, pamoja na maana ambazo mimi mtoto wa Nairobi sikuzijua. Nilikuwa karibu kuikosa saa hiyo kwa sababu ya wino mwekundu kwenye boksi.

Kwa hiyo, ukienda dukani:

1. Beba wimbo unaoujua vizuri, wenye sauti ya mtu na ala chache. Ukishindwa kusikia maneno, iache spika hiyo.
2. Tafuta wati za RMS, si PMPO. Kwa mezani, wati 10 hadi 20 kila upande zinatosha kabisa.
3. Spika mbili zenye koni ya inchi 4 bila wufa ni bora kuliko kasha kubwa lenye vikombe viwili.
4. Ziweke usawa wa masikio, mbali kidogo na ukuta, la sivyo besi itavimba.
5. Kwetu Kericho radi ni za kila mara. Mvua ikianza, chomoa.

Mwaka 2015, kumbukumbu ya Tracey huko Afrika Kusini (ILAM) pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi hizi kwa Wakipsigis, wakamkuta Cheriyot Arap Kuri, mmoja wa walioimba 1950, akiwa bado hai. Zilikaa miaka 65 kabla ya kurudi nyumbani. Kama una kanda za wazee wako kabatini, zihamishie kwenye tarakilishi mwezi huu, halafu uzicheze kwenye spika ambayo mwenyewe atajitambua.

Haya, tuonane wakati mwingine. Wufa yangu iko sokoni, lakini nakushauri usiinunue.