Mkataba wa Maji wa Dar es Salaam, 2003–2005: Ukodishaji, Majitaka na Hukumu za Ughaibuni

Yamkini hakuna mkataba wa maji ya mjini, katika nchi zinazotumia Kiswahili, uliojadiliwa na wanasheria wa dunia kuliko ule uliotiwa saini jijini Dar es Salaam tarehe 19 Februari 2003. Ulikusudiwa kudumu miaka kumi. Kazi ilianza tarehe 1 Agosti mwaka ule ule, na kabla miaka miwili haijatimia mkataba ulikuwa umevunjwa. Katika makala haya tunanuia kufuatilia mambo yaliyomo ndani ya mkataba huo, kwa kuwa aghalabu watu huusimulia kama kisa cha kampuni mbaya na serikali jasiri, au kinyume chake, ilhali sehemu kubwa ya maafa yake ilikuwa imekwisha kuandikwa katika vifungu vyake kabla dira moja ya maji haijasomwa.

Kwanza tueleze aina ya mkataba. Haukuwa uuzaji wa mali. Mitambo ya Ruvu Juu, ya Ruvu Chini na ya Mtoni, pamoja na mabomba yaliyotoka huko hadi mjini, yalibaki kuwa mali ya shirika la umma liitwalo DAWASA. Kampuni ilikodishwa huduma tu: iendeshe mitambo, itengeneze mabomba, itoe ankara, ikusanye fedha. Wafaransa huuita mpango huu affermage, na wasomaji wetu waliozoea sheria za Kifaransa wataujua mara moja. Asili yake ni ya kale. Compagnie Générale des Eaux ilianzishwa mwaka 1853, na kwa zaidi ya karne moja miji mingi ya Ufaransa iliishi na kampuni zilizoendesha maji bila kuyamiliki. Barani Afrika mpango huo ulitangulia Abidjan, ukajaribiwa Guinea mwaka 1989, na Senegal mwaka 1996. Wataalamu wa Benki ya Dunia waliusifu kwa sababu iliyoonekana kuwa ya busara: mwekezaji binafsi haogopeshwi na gharama kubwa za ujenzi, kwani hizo hubebwa na serikali kwa mikopo ya masharti nafuu, naye huleta ustadi wa uendeshaji tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ikiwa fedha za kujenga ni za serikali na hatari ya kukusanya ankara ni ya kampuni, basi kila upande unategemea mwenzake atimize wajibu wake kwa wakati. Mmoja akichelewa, mwingine anaanguka.

DAWASA yenyewe ilikuwa na umri mdogo. Mamlaka ya taifa ya maji ya mijini, iliyoundwa mwaka 1981, iliunganishwa mwaka 1997 na idara ya majitaka ya halmashauri ya jiji, na mwaka 2001 sheria mpya ikaiweka DAWASA katika sura ya mmiliki asiyeendesha. Mtambo wa Ruvu Chini ulikuwa wa mwaka 1976. Baadhi ya mabomba yalikuwa ya zamani zaidi ya hapo. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao walinunua maji kwa ndoo na kwa mikokoteni kutoka kwa wachuuzi, kwa bei iliyozidi ile ya bomba. Maji yaliyotoka mitamboni yalipotea njiani kwa zaidi ya nusu, mengine kwa kuvuja, mengine kwa kuunganishwa kwa siri.

Uamuzi wa kumtafuta mwendeshaji binafsi haukuzaliwa Dar es Salaam peke yake. Kukabidhi mali za DAWASA kwa waendeshaji binafsi kuliwekwa miongoni mwa masharti yaliyoambatana na msamaha wa madeni ya Tanzania. Mikopo ya ukarabati, jumla yake ikiwa takriban dola milioni 143, ilitoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Zabuni ilipotangazwa, ni kundi moja tu lililoleta bei. Mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni anajua bei hupatikana vipi pale penye mchuuzi mmoja na mnunuzi ambaye hana ruhusa ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kundi hilo liliungana chini ya jina la Biwater Gauff (Tanzania), kampuni iliyosajiliwa Uingereza: asilimia 80 ya Biwater ya Uingereza na asilimia 20 ya Gauff ya Ujerumani. Nayo, pamoja na mwanahisa wa Kitanzania aliyekuwa na asilimia 49, iliunda City Water Services, kampuni ya Kitanzania iliyotia saini mkataba. Msomaji aliangalie vizuri tabaka hili la makampuni, maana baadaye ndilo lililozaa kesi mbili badala ya moja: City Water ilikuwa na mkataba na DAWASA, ilhali mwanahisa wake wa Uingereza alikuwa na haki nyingine, iliyotokana na mapatano ya uwekezaji ya mwaka 1994 baina ya Tanzania na Uingereza.

City Water ilipewa pia mikataba ya kununua vifaa na kufunga mitambo. Kampuni moja ikawa mwendeshaji na mgavi kwa wakati mmoja. Kuhusu ankara, kila shilingi aliyolipa mteja iligawanywa: sehemu ya mwendeshaji, sehemu ya DAWASA kwa ajili ya kulipia mikopo, na sehemu ya mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza wale wasiokuwa nayo. Mfuko huu wa tatu ndio uliobeba matumaini ya wachochole. Lakini zote tatu zilipitia mkononi mwa mwendeshaji mmoja, na hakukuwa na msimamizi huru wa kuzihesabu. Sheria ya kuanzisha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilitungwa mwaka 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza kazi mwaka 2006, yaani baada ya mkataba kufa. Kwa maoni yetu, kosa hili lilizidi la kuchagua kampuni dhaifu. Nchi ilifungisha ndoa kabla mshenga hajazaliwa.

Mambo yaliharibika upesi. Mapato yaliyokusanywa yalikuwa chini ya yale yaliyotarajiwa katika zabuni. Mfumo mpya wa ankara ulichelewa kukaa sawa. Katika mwaka 2004 kampuni ikaacha kuilipa DAWASA kodi ya kila mwezi, ikidai kwamba habari ilizopewa wakati wa zabuni hazikuwa sahihi na kwamba bei za maji zipandishwe. Serikali ilijibu kwamba mwenye kuleta zabuni ndiye mwenye wajibu wa kuchunguza anachozabunia. Mazungumzo ya mapema mwaka 2005, pamoja na mpatanishi aliyeteuliwa, hayakuzaa kitu.

Tarehe 12 Mei 2005 DAWASA ilitoa ilani ya kuvunja mkataba. Siku iliyofuata Waziri wa Maji, Edward Lowassa, alitangaza hadharani kwamba mkataba umekwisha, japokuwa muda wa ilani ulikuwa bado haujapita. Tarehe 1 Juni serikali iliingia katika ofisi za kampuni, ikachukua mali na uendeshaji, na wakuu watatu wa kigeni wakaondoshwa nchini. Shirika jipya la umma, DAWASCO, likashika kazi. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi, na mwezi Desemba Lowassa akawa Waziri Mkuu.

Sasa tuingie katika hukumu, ambazo kwa mwanahistoria zina thamani kubwa kuliko magazeti ya siku zile, kwa kuwa zililazimisha kila upande kutoa nyaraka. Katika shauri la kwanza, baina ya City Water na DAWASA, waamuzi waliokaa London waliipa DAWASA ushindi mwishoni mwa mwaka 2007, na kampuni ikaamriwa kulipa takriban pauni milioni 3. Shauri la pili lilikuwa la mwanahisa wa Uingereza dhidi ya Jamhuri ya Muungano yenyewe, mbele ya kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilichomo katika jumuiya ya Benki ya Dunia. Tukumbuke kwamba benki hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mkopeshaji mkubwa wa mradi. Kisheria vyombo hivi ni tofauti. Mkazi wa Manzese hana budi kusamehewa akiona nyumba moja yenye milango miwili.

Hukumu ya tarehe 24 Julai 2008 ni ya ajabu, na inafaa kusomwa katika vyuo vyetu. Baraza lilikubali kwamba kuvunjwa kwa mkataba kwenyewe lilikuwa jambo la kawaida la kibiashara: kampuni ilishindwa, na shida zake zilianzia katika zabuni iliyotayarishwa vibaya. Lakini likasema pia kwamba serikali, kwa tamko la waziri kabla ya wakati, kwa kuchukua mali kwa nguvu na kwa kuwafukuza wakuu wa kampuni, ilitenda kwa mamlaka ya dola wala si kama mshirika wa mkataba, na hivyo ilivunja mapatano ya mwaka 1994. Kisha, alipotakiwa mdai aonyeshe hasara, baraza likaona hakuna: siku hiyo ya Juni biashara haikuwa na thamani yoyote iliyobaki. Serikali ilikosa, lakini haikutozwa fidia. Mwamuzi mmoja kati ya watatu, Gary Born, alikubali matokeo na kupinga hoja, akisema kwamba swali halikuwa kama madhara yalitokea bali yalikuwa na kiasi gani kwa fedha.

Kuna jambo jingine ambalo halikupata nafasi ya kutosha. Mashirika matano ya kiraia, matatu ya Tanzania na mawili ya ng'ambo, yaliomba kusikilizwa kama marafiki wa baraza. Mwezi Februari 2007 yaliruhusiwa kuandika maoni, lakini hayakuruhusiwa kuona nyaraka za kesi wala kuhudhuria, kwa kuwa mdai alikataa. Yalitakiwa kuzungumzia maslahi ya wananchi katika mkataba ambao hayakuonyeshwa. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeomba kuendesha maji ya mji mzima ana wajibu mzito wa uchunguzi, kwa sababu maji ni haki ya binadamu. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuieleza haki hiyo mwaka 2002 kupitia kamati yake ya haki za kiuchumi; Baraza Kuu liliitambua waziwazi tarehe 28 Julai 2010.

Na majitaka? Huduma hiyo ilitajwa katika mkataba sambamba na maji, hata hivyo katika mabishano yote haionekani ila kwa nadra. Chini ya sehemu moja ya kumi ya wakazi wa Dar es Salaam walikuwa wameunganishwa na mabomba ya majitaka. Waliobaki walitumia vyoo vya shimo, na wenye uwezo waliita magari ya kunyonya. Sababu ya kimya hicho ni ya kihesabu. Ankara ya majitaka hufuata ile ya maji, nayo hutozwa kwa aliyeunganishwa. Asiyeunganishwa hana ankara, na asiye na ankara hamvutii mwendeshaji anayeishi kwa ankara. Mkataba wa ukodishaji, kwa umbile lake, huwatazama waliokwisha kupata. Ndiyo maana ule mfuko wa kuunganishia ulihitaji ulinzi wa pekee.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Neno lililotumika Tanzania lilikuwa ubinafsishaji, na watetezi wake waliligharimia kampeni, pamoja na wimbo wa kuwahamasisha wananchi uliolipiwa kwa fedha za misaada ya Uingereza. Lakini katika sikio la Mswahili, binafsi iko jirani mno na ubinafsi, na wimbo hauwezi kuwahamisha majirani hao. Neno ubia, lililoshika nafasi yake katika sheria za baadaye, lina heshima zaidi, kwani mbia hugawana faida na hasara. Swali ni kama kitu chenyewe kimebadilika pamoja na jina. Mikopo ya ule mradi ilibaki deni la Watanzania baada ya kampuni kuondoka. Hasara, basi, haikugawanywa kwa ubia. DAWASCO nayo iliunganishwa tena na DAWASA mwaka 2018, na mgawanyo wa mmiliki na mwendeshaji ukafutwa.

Kwetu Kongo, mambo haya si hadithi ya mbali. REGIDESO, iliyoundwa tarehe 30 Desemba 1939, iligeuzwa kuwa kampuni ya kibiashara ya serikali kwa mageuzi ya miaka ya 2008 na 2009. Mradi wa maji ya mijini uliokubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2008, wa dola milioni 190, ulileta katika miaka ya 2010 wataalamu wa kampuni iliyoendesha maji ya Senegal, kwa mkataba wa huduma ambao ni mwepesi kuliko ukodishaji: mgeni hushauri na kusimamia, wala habebi hatari ya ankara. Baadaye sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua mlango kwa waendeshaji binafsi, ukodishaji ukiwamo, na sheria ya ubia ya tarehe 9 Julai 2018 ikaweka utaratibu wa jumla. Kuhusu maji machafu, REGIDESO haiyashughulikii. Mifereji ya mvua ni kazi ya ofisi nyingine, na vyoo ni shauri la kila mwenye nyumba. Kwa hiyo mkataba wowote utakaoandikwa kwa ajili ya Lubumbashi, Goma au Bukavu utakuta majitaka yametengwa tangu mwanzo, hata kwa jina yasiwemo.

Mkataba wa Dar es Salaam uliandikwa kwa Kiingereza, ya kwetu huandikwa kwa Kifaransa, na wanaolipa ankara huzungumza Kiswahili kwa mamilioni. Idara za Kiswahili zina kazi hapa iliyo ya lazima kuliko kutunga istilahi za kupamba kamusi: kutafsiri vifungu vya bei, vya ilani na vya mfuko wa kuunganishia, na kuvitundika pale ambapo mama mwenye ndoo anaweza kuvisoma anapongoja zamu yake.