Dawa za moyo: Ipozayo maumivu siyo izuiayo kifo

Mtu anayehisi kifua kikibanwa kana kwamba kimewekewa jiwe anapopanda ngazi au mlima, kisha hali ikatulia apumzikapo, huenda anaugua anjaina. Maumivu hayo, ambayo aghalabu husambaa hadi kwenye taya, bega au mkono wa kushoto, hutokea wakati misuli ya moyo inapokosa oksijeni kwa sababu mishipa inayoilisha imezibwa kwa kiasi na utando wa mafuta. Wapo wanaodhani ni kiungulia, wakameza dawa za tumbo kwa miezi.

Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za aina mbili, na kutozitofautisha ndiko huwaponza wengi. Baadhi hutuliza maumivu. Nyingine humkinga dhidi ya shambulio la moyo. Za kwanza huthaminiwa kwa kuwa kazi yake huonekana papo hapo. Za pili hutelekezwa kwa kuwa mwenye kuzimeza hahisi chochote.

Kongwe miongoni mwa dawa za kutuliza ni nitrogliserini. Kemikali hii iligunduliwa na Mwitaliano Ascanio Sobrero mwaka wa 1847, na miaka 20 baadaye Alfred Nobel akaitumia kuundia baruti. Daktari William Murrell wa London ndiye aliyeeleza mwaka wa 1879 jinsi inavyotibu anjaina. Nobel mwenyewe alipougua moyo katika miaka ya 1890 aliandikiwa dawa iyo hiyo, kinaya ambacho hakikumpita.

Ikifika mwilini, nitrogliserini hutoa nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu na kuupunguzia moyo mzigo. Tembe huwekwa chini ya ulimi iyeyuke. Ikimezwa, ini huiharibu kabla haijafanya kazi. Mgonjwa anapaswa kuketi kwanza, kwani shinikizo la damu hushuka ghafla na anaweza kuzirai. Kuumwa kichwa baada ya hapo ni jambo la kawaida. Maumivu yasipokwisha baada ya dakika tano, hutumia dozi ya pili. Dakika nyingine tano zikipita bila nafuu, hilo si suala la kungojea asubuhi, bali ni la kukimbizwa hospitalini. Tembe zenyewe hudhoofishwa na joto na mwanga, hivyo hazifai kutolewa katika chupa yake na kufungwa kwenye karatasi au kitambaa.

Zipo pia dawa za jamii hiyo zinazodumu kwa saa nyingi. Hizi mwili huzizoea upesi, ndiposa daktari hupanga saa kadhaa za kila siku, kwa kawaida usiku, ambapo mgonjwa hazitumii. Hatari kubwa zaidi ni kuzichanganya na dawa za nguvu za kiume. Sildenafili, maarufu kama Viagra, ilifanyiwa majaribio mwanzoni kama tiba ya anjaina. Ikikutana na nitrogliserini, shinikizo la damu laweza kuporomoka hadi mtu akafa. Haya ni mambo ambayo waume wengi huona aibu kumwambia daktari, ilhali aibu hiyo yaweza kuwagharimu maisha.

Dawa za kundi la beta, kama vile atenololi na bisoprololi, hupunguza kasi ya mapigo ili moyo uhitaji oksijeni kidogo. Chimbuko lake ni kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960. Huenda zikamletea taabu mwenye pumu, na kuziacha kwa ghafla huweza kurudisha maumivu kwa ukali kuliko awali.

Kinga yenyewe hutokana na aspirini na statini. Aspirini ya kiwango kidogo, kwa kawaida miligramu 75 kwa siku, huzuia damu kuganda juu ya utando uliopasuka, japo mwenye vidonda vya tumbo huweza kuvuja damu. Statini hupunguza lehemu na kuufanya utando huo usipasuke kwa urahisi. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka wa 1994 uliwafuata wagonjwa 4,444 wa moyo kwa takriban miaka mitano. Vifo miongoni mwa waliotumia simvastatini vilipungua kwa asilimia 30 wakilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa. Anayepata maumivu ya misuli asiyoyaelewa baada ya kuanza statini amweleze daktari, ambaye anaweza kubadilisha kiwango au aina.

Aliyewekewa kijibomba cha waya kutanua mshipa wa moyo huongezewa dawa kama klopidogreli pamoja na aspirini, mara nyingi kwa miezi sita hadi 12. Akiziacha mapema, damu yaweza kuganda ndani ya kijibomba hicho na kuuziba mshipa wote. Hata anapotakiwa kung'olewa jino, daktari wa moyo hana budi kuulizwa kwanza.